Ini la panya na maji ya Koboko

Msikilizaji, tuanze na ini. Panya wa maabara wakilishwa PFOA, mojawapo ya kemikali za PFAS zilizotumika kwenye vikaango visivyoshika chakula, ini lao huvimba. Seli zikiumia, vimeng'enya huvuja na kuingia kwenye damu.

Haya yanamhusu nini mkulima wa Dranya, wilayani Koboko, Uganda? Kemikali hizi zimeshakutwa nchini humo. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo kutoka Kampala: PFAS, kwa viwango vidogo, zilikutwa katika maji na udongo wa ardhioevu ya Nakivubo, na hata kwenye mimea ya chakula.

Wapo wataalamu wanaosema panya si binadamu. Hoja hiyo ina uzito, kwani njia inayovimbisha ini la panya ni dhaifu kwa watu.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Panya jike huitoa PFOA mwilini kwa saa chache. Binadamu hukaa nayo miaka. Na huko Ohio na West Virginia, Marekani, wakazi wenye PFOA nyingi katika damu walikutwa pia na kimeng'enya cha ini, ALT, kimepanda. Hilo halifai kupuuzwa.

Je, nani atapima maji ya visima vya Koboko, na lini?