Maji Yatapita Wapi? Maamuzi ya Kawaida ya Halmashauri katika Mji wa Bondeni



Nimeombwa nizungumzie namna halmashauri ya mji mdogo inavyofanya maamuzi yake ya kila siku. Ningeweza kuanza na Ibara ya 145 na 146 za Katiba, nikaja kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya mwaka 1982, nikamalizia na Kanuni za Kudumu. Hayo ninyi madiwani na watendaji mmeyasikia katika semina nyingi na vitabu vyake mnavyo ofisini. Nimeona heri niseme jambo moja: mji wetu wa Ifakara, kwa mahali ulipo, hauna uamuzi wa halmashauri usiogusa maji, lakini vikao vyetu vimepangwa kana kwamba maji ni ajenda ya idara moja tu.

Tuitazame kwanza ardhi tuliyoikalia. Kaskazini-magharibi iko safu ya Udzungwa, inayopanda hadi zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Upande wa pili ng'ambo ya mto iko milima ya Mahenge. Sisi tumekaa katikati, kwenye mita kama 250 hivi, katika tambarare ambayo jicho haliwezi kutofautisha mahali pa juu na mahali pa chini. Maji yanaporomoka kutoka Udzungwa kwa kasi, yakifika kwetu yanapoteza mwendo na kutafuta upana. Mto Lumemo uko ubavuni mwa mji, na Kilombero wenyewe uko kilomita chache kusini. Mwezi Aprili 2002 bonde hili, hekta 796,735, liliingizwa katika orodha ya ardhioevu za kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hupitia hapa kwetu. Kwa hiyo masika ya mwaka 2024, Taifa lilipokuwa likitazama nyumba zilizozama kule chini mtoni, Rufiji na Kibiti, sehemu kubwa ya maji yale ilikuwa imekwisha kupita mashambani mwetu.

Katika ardhi ya namna hii tofauti ya sentimita 30 ndiyo inayoamua nyumba ipi italala na maji na ipi itasalimika. Naomba mlishike hilo tunapopitia maamuzi machache ambayo kila diwani aliyemo humu ameshayanyooshea mkono.

La kwanza ni upimaji wa viwanja. Afisa ardhi analeta mchoro kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Umechorwa vizuri: viwanja vimenyooka, barabara zina upana wake, eneo la shule lipo, eneo la wazi lipo. Wajumbe wanauliza kuhusu fidia, wanauliza bei ya kiwanja, wanaridhia. Swali ambalo mara nyingi halisikiki ni hili: katika eneo hili maji ya mwezi wa nne yanaingilia wapi na kutokea wapi? Mchoro usioonyesha miinuko unaweza kuvumilika katika mji wa mteremkoni, kwa sababu huko mtu anaiona njia ya maji kwa macho. Huku kwetu haionekani wakati wa kiangazi. Mkondo unaojaa maji Aprili, Septemba ni uwanja mkavu wenye nyasi fupi na watoto wanachezea mpira. Mpimaji aliyekuja Septemba hana kosa la makusudi, ila ameukata mkondo vipande ishirini na kila kipande kimepata namba na mwenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunaitumia kama kinga, na ni vyema tukaendelea kuitumia. Lakini mto unaofurika tambarare hauishii kwenye mita 60. Kipimo chetu cha kweli anacho mwenyekiti wa mtaa, na anacho mama anayeuza vitumbua ambaye kila masika huhamisha jiko lake. Wao wanajua maji yalifika kwenye dirisha la nani. Elimu hiyo haipo kwenye faili la ardhi kwa sababu hakuna aliyewahi kutakiwa kuiandika.

La pili ni kifusi. Jambo hili halijawahi kuwa na ajenda yake, nami naliona zito kuliko yote. Mtu akitaka kujenga anaita lori, anamwaga kifusi, anainua kiwanja chake nusu mita. Amefanya busara kwa nyumba yake. Maji yaliyokuwa yakae pale yanahamia kwa jirani. Jirani naye, akipata fedha, anainua. Mwishoni wanaozama ni wale wasio na uwezo wa kununua lori la kifusi: wajane, wapangaji, vijana walioanza maisha juzi. Kibali cha ujenzi kinatazama ramani ya nyumba, msingi, umbali kutoka mpakani, choo. Hakisemi kiwanja kiinuliwe kwa kiasi gani wala maji ya mtaa yaelekezwe wapi. Tunao uwezo wa kutunga sheria ndogo kuhusu hili, tukaipeleka kwa Waziri wa TAMISEMI ikaidhinishwa. Tumetunga sheria ndogo za ushuru kwa bidii kubwa. Hii ya kifusi haingeingiza shilingi nyingi, lakini ingezuia watu maskini kubebeshwa maji ya wenye nacho.

Taasisi za umma nazo zinainua na kujaza. Mnakumbuka madarasa ya fedha za UVIKO-19 mwishoni mwa mwaka 2021: vyumba 15,000 nchi nzima, kila kimoja shilingi milioni 20, na tarehe ya kumaliza ikiwa mlangoni. Wananchi walijitolea, kamati za ujenzi zilikesha, watoto wakapata mahali pa kukaa, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini milioni 20 za darasa la Ifakara, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaotanuka na kunywea, ni sawa na milioni 20 za Dodoma. Bajeti ya namna hiyo haiachi chochote cha mfereji wa kuzunguka jengo. Halmashauri haiwezi kubadili kiwango cha Taifa, ila inaweza kuweka fungu dogo la mapato ya ndani kwa ajili ya mifereji ya kila jengo jipya la serikali, na kuliandika hivyo kwenye mpango wa bajeti mapema.

La tatu nitalipitia haraka: mashimo ya matofali. Mji wetu umejengwa kwa tofali la kuchoma, na kila tanuri limeacha shimo. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara iliyoanzishwa hapa mwaka 1957, wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya malaria ya bonde hili siku hizi inaenezwa na mbu aina ya Anopheles funestus, anayezaliana katika maji yanayodumu muda mrefu. Shimo lisilofukiwa ni maji yanayodumu. Tuna watafiti ambao dunia nzima inawasoma, nao wanakaa mtaa wa pili. Wangapi wamewahi kuitwa kwenye kamati wakati wa kujadili wapi pachimbwe udongo?

La nne ni vyoo. Maji ya ardhini kwetu yako karibu sana, na shimo la choo la kina cha kawaida linaweza kukutana nayo wakati wa masika. Mwaka 1997 Ifakara ilipata mlipuko wa kipindupindu ambao ulichunguzwa kwa makini. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na ugonjwa ni kuoga mtoni, kuishi mbali na chanzo cha maji, na kula samaki wakavu. Yasomeni kwa jicho la diwani. Umbali wa bomba unaamuliwa na bajeti, na usafi wa meza ya samaki sokoni unaamuliwa na mkataba wa mzabuni wa soko. Kwa hiyo afisa afya anapoomba, katika mstari mmoja wa kabrasha, kwamba vibali vya ujenzi katika mitaa ya chini vidai vyoo vilivyoinuliwa, mstari ule usipitwe kwa neno "imepokelewa."

Sasa nije kwenye kalenda, kwa sababu hapa ndipo penye ufa mkubwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Mvua zetu zinaanza kushika Novemba au Desemba na maji yanakuwa mengi zaidi Machi na Aprili. Mafuriko ya Aprili yanaangukia robo ya nne, na taarifa ya robo ya nne inafika Baraza la Madiwani Julai au Agosti. Wakati huo barabara zina vumbi na mpunga umevunwa. Wajumbe wanasikiliza taarifa ya mafuriko kama watu wanaosomewa historia. Kisha Februari na Machi, Baraza linapopitisha bajeti ya mwaka unaofuata, maji ndiyo kwanza yanapanda, na kila mtu anataka fedha za dharura ambazo hazipo.

Lakini kalenda hiyohiyo ina neema ndani yake, na sijaona tukiitumia. Mpunga unavunwa kati ya Mei na Julai. Miwa huanza kuingia kiwandani Kidatu mwezi Juni. Ushuru wa mazao, ambao tangu mwaka 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, unaingia kwa wingi katika miezi ya ukavu. Halmashauri ya Mji, inayoanzia Kidatu penye sukari na kuja hadi kingo za Kilombero penye mpunga, inakuwa na fedha zake mkononi katika miezi ileile ambayo mfereji unachimbika kwa jembe na kalavati linazibuka bila mtu kuingia majini. Kazi ya mifereji ikipangwa Agosti hadi Oktoba, haina haja ya kungoja mgao wa Hazina.

Nani afanye kazi hiyo? Sheria ya ununuzi inataka asilimia 30 ya zabuni za taasisi za umma itengwe kwa vikundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi hivyo, isipokuwa vya wazee, tunavikopesha kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, kisha tunahangaika na marejesho kwa sababu vyote vimekimbilia bodaboda na kuku. Kikundi cha vijana wa kata ya Mlabani kikipewa mkataba wa kutunza mita fulani za mfereji, kwa malipo ya kila mwezi baada ya mtendaji wa mtaa kukagua, kinapata kipato cha kulipia mkopo na mtaa unapata mfereji unaopitika. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mzuri, lakini mfereji hauwezi kutegemea Jumamosi moja.

Mtaniambia mifereji ya barabara si yetu. Ni kweli: tangu Julai 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu ziko chini ya TANROADS, tuta la reli ni la TAZARA, na mito iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Kila tuta la barabara au reli katika tambarare ni ukuta, na makalavati ndiyo milango yake. Sote tumefurahia daraja la mita 384 la Mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018, na waliowahi kungoja kivuko usiku wakiwa na mgonjwa wanajua thamani yake. Tumefurahia pia lami ya kutoka Kidatu. Lakini mwananchi ambaye maji yamemwingilia hawezi kwenda ofisi nne kuuliza lango lipi limeziba. Anakwenda kwa diwani wake. Baraza haliwezi kuziamuru taasisi hizo, ila lina nguvu ambayo hakuna mwingine aliye nayo: linaweza kuzialika zote siku moja, mbele ya wananchi, na kuandika kwenye muhtasari nani ameahidi nini na lini. Kikao kijacho, yatokanayo na muhtasari yakisomwa, ahadi hiyo inajibiwa kwa jina.

Mapendekezo yangu ni matatu, nayo hayahitaji sheria mpya. Kwanza, kila andiko linaloletwa kwenye kamati yoyote, liwe la kiwanja, darasa, soko, stendi, dampo au machinjio, liwe na aya moja yenye kichwa "Njia ya maji", iliyosainiwa na mtaalamu na mwenyekiti wa mtaa husika. Andiko lisilo na aya hiyo lirudishwe. Pili, kamati za maafa za kata na mitaa zipake alama ya rangi kwenye ukuta wa shule au zahanati kila maji yanapofikia kimo chake, na kuandika mwaka. Kwa masika machache tu tutakuwa na ramani ambayo hakuna mshauri mwelekezi anayeweza kutuuzia. Tatu, taarifa ya mafuriko isomwe upya katika Baraza la robo ya kwanza, Oktoba, ikiambatana na orodha ya mifereji iliyozibuliwa na ambayo bado.

Kwa kazi ya vikundi, naomba kila kata ichukue kabrasha la kikao cha robo iliyopita na kupitia ajenda zote, hata zile za elimu na biashara, ikiandika pembeni maji yalihusika wapi. Wenyeviti wa mitaa wakae na wapimaji katika kundi moja, na waanze wao kuzungumza. Mtakayoyapata yaunganishwe na kukabidhiwa kwa Mkurugenzi kabla ya maandiko ya bajeti ya kata kuanza kukusanywa.