Masomo ya Jioni Yahitaji Mpango, Siyo Mashine Peke Yake



Nimeombwa nieleze jinsi ya kupanga masomo ya kuandika programu za kompyuta kwa wafanyakazi wanaoanza, tena wanaojifunza baada ya saa za kazi. Wengi hudhani kwamba jambo la kwanza ni mashine. Nasema jambo la kwanza ni mpango utakaomfanya mwanafunzi aliyechoka asikate tamaa.

Tazameni takwimu. Vyuo Vikuu vya Harvard na MIT vya Marekani vilianza mwaka 2012 kutoa kwa pamoja masomo ya bure kwa intaneti. Taarifa yao ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika kozi 17 za mwanzo yaliandikishwa majina 841,687, na vyeti vilivyotolewa vilikuwa 43,196, yaani wastani wa 5 kwa kila 100. Ni kweli kwamba wengine waliingia kuchungulia tu. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba kufungua mlango siyo kufundisha.

Miongoni mwa kozi za Harvard iko iitwayo CS50, ambayo Mwalimu David Malan amekuwa akiiongoza tangu mwaka 2007. Haidai ujuzi wowote wa awali. Juma la kwanza mwanafunzi hutumia Scratch, ambamo maagizo ni vipande vya rangi vinavyounganishwa. Hivyo hujifunza kufikiri kwa utaratibu kabla ya kusumbuliwa na tahajia. Baadaye huingia katika lugha ya C, ambamo nuktamkato moja iliyosahauliwa huweza kuizuia programu yote, kisha Python. Kila hotuba hufuatwa na mazoezi; kompyuta huyakagua na kumwonyesha papo hapo alipokosea. Mwishoni kila mmoja hubuni kazi yake mwenyewe.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini ajifunzaye peke yake hukosa mwenzake. Hapo tunayo historia yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni 2 walijifunza kwa redio na vitabu, wakiwa katika vikundi vyenye viongozi waliofunzwa. Redio ilisema na wote. Kiongozi wa kikundi ndiye aliyeweza kujua nani hakuja.

Basi napendekeza hivi. Masomo yawe jioni 2 kwa juma, saa 2 kila jioni, na Jumamosi iwe ya mazoezi. Ratiba isigongane na kufunga hesabu za mwezi wala kusahihisha mitihani. Watu 6 wawe kikundi. Wawili watumie kompyuta moja, mmoja akiandika na mwingine akikagua, kisha wapokezane. Mazoezi yatokane na kazi zao: rejesta ya mahudhurio, alama za wanafunzi, hesabu za ghala. Anayekosa mara mbili atembelewe, asifutwe.

Ndugu zangu, leo mishahara, matokeo ya mitihani na malipo ya serikali hupitia katika programu. Mtumishi asiyejua programu inavyoundwa hawezi kuihoji inapokosea. Humwambia mwananchi kwamba mtandao unasumbua, arudi kesho. Hatuhitaji kila karani awe fundi wa kompyuta. Twahitaji karani awezaye kuuliza kosa liko wapi, na mwananchi asirudishwe bure.