Hesabu Ianzie Kwenye Kutua: Kukadiria Masafa ya Ndege za Kivita



Vipeperushi vya watengenezaji hutaja masafa ya ndege ya kivita kwa tarakimu moja, kana kwamba ni urefu wa bawa. Mara nyingi tarakimu hiyo ni ya ndege inayohamishwa kituo: matangi ya nje yamejaa, bomu haina, inakwenda polepole huko juu. Vitani hakuna aendaye hivyo.

Fomula ya Breguet tunaijua: kasi gawa kwa ulaji wa mafuta, zidisha kwa uwiano wa nguvu ya kuinua na ukinzani wa hewa, kisha kwa logi asilia ya uzito wa kuondoka ukigawanywa kwa uzito wa kufika. Inaipenda ndege ya abiria, ambayo ikishapanda hutulia saa nyingi. Kwa ndege ya kivita inafaa kwenda na kurudi tu. Katikati tunahesabu dakika.

Chukueni Mirage III za Argentina katika vita vya visiwa vya Falkland (Waargentina husema Malvinas) mwaka 1982. Injini yake, Atar 9C, kwenye usawa wa bahari husukuma takriban kilo 4,300 na kula karibu kilo moja ya mafuta kwa saa kwa kila kilo ya msukumo: kama kilo 72 kwa dakika. Washa afutabana, yaani mafuta yamwagwe kwenye moshi wa injini na kuwaka upya. Msukumo unafika kilo 6,000 hivi, lakini ulaji kwa kila kilo unakuwa maradufu: kilo 200 kwa dakika. Nguvu imeongezeka asilimia 40, gharama karibu mara tatu! Huko juu ulaji hushuka, ila ulafi wa afutabana uko palepale.

Kutoka Río Gallegos, kituo cha Argentina, hadi Port Stanley visiwani ni karibu kilomita 800, bahari tupu, hakuna sheli njiani. Ndege nyingine za Argentina, Skyhawk na Super Étendard, zilijaziwa mafuta angani na ndege za mafuta za KC-130. Mirage hazikuwa na mrija wa kupokelea. Rubani alibakiwa na dakika chache juu ya visiwa, na afutabana ikawa pambo. Tarehe 1 Mei, Kapteni Gustavo García Cuerva, ndege yake imepigwa na mafuta yanavuja, aliona kwao hafiki. Akajaribu kutua Stanley. Mizinga ya wenzake ikamdungua.

Ndiyo maana nasema tuanzie mwisho. Tenga mafuta ya kutua na ya kusubiri hali ya hewa ikichafuka, ongeza ya kurudia. Hiyo ndiyo “bingo” ya marubani: geji ikifika hapo unageuka, hata adui akiwa mbele ya pua. Ondoa bingo na mafuta ya kwendea kwenye jumla, kinachobaki kigawe kwa ulaji wa afutabana. Jibu ni dakika zako za kupigana. Likija chini ya sifuri, sogeza kituo au tafuta ndege ya mafuta.