Akiita Leo, Tuitike Leo

(Maneno ya katibu wa kwaya katika sherehe ya jubilei ya miaka 25)

Nyinyi majirani wa hapa Kibuyuni, ambao hamsali nasi lakini mmetuazima sufuria, mikeka na hata vijana wa kufunga turubai, asanteni sana. Ujirani wenu tumeuona.

Mwenyekiti aliniomba niseme machache kuhusu wito wa kuwa mwanafunzi wa Kristo. Nilimwambia mimi ni mwalimu wa watoto, si mhubiri. Akanijibu kwamba katibu ndiye mwenye vitabu, basi nivisome nitapata la kusema. Nimevisoma. Wiki tatu nimekaa na vitabu vyote vya kumbukumbu za mikutano yetu, tangu kile cha kwanza ambacho jalada lake limeliwa na mchwa. Nilitafuta majina ya waanzilishi ili tuyachapishe katika kijitabu hiki. Majina niliyapata. Nilipata na jambo jingine ambalo sikulitafuta.

Katika kitabu cha tatu, mwandiko ni wangu. Chini ya “Mengineyo” nimeandika kwamba mama mmoja wa sauti ya pili amekuwa mgonjwa, amerudi kwao upande wa Lungalunga, na inapendekezwa kwaya imtembelee na kumwimbia. Azimio: limepokewa, litapangwa kikao kijacho. Kikao kilichofuata nimeandika kwamba sare mpya zimechukua muda mwingi, litaangaliwa kikao kijacho. Kikao cha tatu, nauli haijatosha, kikao kijacho. Kikao cha nne, kwaya inajiandaa na mashindano, tukirudi tutakwenda. Kikao cha tano jambo hilo halimo tena. Badala yake upo mchango wa sanda na jeneza, na orodha ya watakaoimba mazishini. Walijiandikisha watu 31. Gari lilipatikana kwa siku moja.

Wenzangu, mkono ulioandika “kikao kijacho” mara nne ni huu. Hakuna aliyekataa kwenda. Katika vikao vyote vinne hakuna aliyesimama akasema tusiende. Sote tulikubali, na kukubali kwetu ndiko kulikotufanya tulale usingizi. Mtu anayekataa hujua amekataa, na dhamiri humsumbua. Anayesema “nitakwenda” hujihesabu kuwa ameshatii.

Tukisoma Marko sura ya kwanza, Bwana Yesu anapita kando ya ziwa, anawaita Simoni na Andrea wakiwa wanatupa nyavu, kisha Yakobo na Yohana wakizitengeneza zao. Marko ana neno analolipenda sana, neno “mara”, na hapo analitumia. Sisi watu wa pwani tunajua nyavu ni nini. Wavu ni mtaji, tena mara nyingi ni deni. Mvuvi wa Shimoni hauachi mchangani kama mtu anavyoacha gazeti alilokwisha kusoma. Kwa hiyo nisingependa tuisome habari hiyo kana kwamba wale ndugu walikuwa hawana kazi. Walikuwa kazini, na saa ya kazi ndiyo waliyoitwa. Tukingoja kuitwa siku ambayo hatuna shughuli, hatutaitwa kabisa.

Habari inayonisumbua zaidi ni ile ya Luka 9, kuanzia mstari wa 57. Mmoja anaomba kwanza amzike baba yake, mwingine anaomba kwanza akawaage watu wa nyumbani. Kwetu sisi maneno ya Bwana hapo ni magumu. Mzazi hazikwi na majirani wakati mwana yupo. Wako wafafanuzi wanaosema kwamba baba huyo alikuwa hajafa, na kijana alimaanisha angoje mpaka mzee aondoke, hata kama ni miaka ishirini. Huenda ni hivyo, maana mwenye maiti nyumbani hakutwi barabarani akizungumza na wasafiri. Lakini sitaki nijifiche nyuma ya maelezo hayo. Tunajua kwamba Bwana hakudharau wazazi: akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi. Neno ninaloliona limebeba uzito katika maombi yale mawili ni neno “kwanza”.

Linganisheni na Elisha, 1 Wafalme 19. Naye aliomba kwenda kuwaaga baba na mama. Akarudi, akachinja ng'ombe wake wa kulimia, akaipika nyama kwa kuni za zile nira, watu wakala, akaondoka. Aliaga kweli, tena siku ileile, na akachoma chombo ambacho kingemrudisha shambani. Kuaga kwa Elisha kulimaliza jambo. Kuaga kwetu mara nyingi ni kwa kulirefusha. Katika Luka 14 Bwana mwenyewe anatuambia tukae tuhesabu gharama ya mnara kabla hatujajenga, basi asiseme mtu kwamba kufikiri ni dhambi. Lakini hesabu ina mwisho wake. Nikiwapa watoto hesabu darasani, baada ya dakika arobaini nakusanya vitabu. Liwali Feliksi yeye alimsikiliza Paulo, akaingiwa na hofu, akamwambia aende zake, atamwita akipata nafasi. Alimwita mara nyingi sana, kwa mazungumzo. Ikapita miaka miwili, akaja Festo kushika mahali pake, na Paulo alikuwa bado kifungoni (Matendo 24).

Si lazima tuende Kaisaria kutafuta mfano. Rabai ni karibu, nyuma ya Mombasa. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga. Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakahamia Rabai. Miaka ikapita bila mtu wa kubatizwa. Wa kwanza alikuja mwaka 1851, jina lake Mringe. Hakuwa mzee wa kaya wala tajiri. Alikuwa mlemavu, mgonjwa, na baada ya kubatizwa hakuishi muda mrefu. Kama yupo aliyekuwa na haki ya kusema “ngojeni nipate nguvu kwanza,” ni Mringe. Nampenda mtu huyu kuliko wengi wanaotajwa katika historia ya kanisa letu la pwani. Alikuwa na siku chache, akazitoa hizohizo.

Nami nina langu la kukiri. Nilipokuwa mwaka wa pili wa diploma ya ualimu, mchungaji wa wakati ule aliniomba nisaidie darasa la watoto la Jumapili. Nikamwambia nimalize masomo kwanza. Nilipomaliza, nikasema TSC waniajiri kwanza. Waliponiajiri, nikasema nimalize mkopo wa kiwanja. Nilianza kufundisha darasa hilo mwaka jana. Watoto niliokuwa nimeombwa niwafundishe wakati ule sasa wana ndevu, na baadhi yao hatuwaoni hapa. Sisemi wamepotea kwa sababu yangu, hilo Mungu ndiye anayelijua. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa tayari, wao walikuwa wameshaondoka.

Sasa nirudi kwenye vile vitabu, maana kuna jambo lililonichekesha na kunitia aibu kwa pamoja. Katika miaka yote hiyo kuna shughuli moja ambayo kwaya hii haijawahi kuiandikia “kikao kijacho”, nayo ni bamvua. Mnajua nusu ya akina mama wetu wa sauti ya kwanza na ya pili wanalima mwani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa mbali, mashamba yanaonekana, na siku za kufanya kazi ni chache. Mbegu zifungwe kwenye kamba, vigingi vikazwe, uliokomaa uvunwe. Uliopandwa huwa tayari baada ya siku 45 hivi. Ukiuacha, mawimbi yanaukata na kuupeleka ufuoni bure. Ukikosa bamvua hii, unakaa maji mafu yote ukingoja nyingine.

Kwa hiyo nimekuta kumbukumbu baada ya kumbukumbu: “Mazoezi ya Jumamosi asubuhi yamesogezwa, bamvua.” “Kikao kimefungwa mapema, bamvua.” Hakuna aliyeuliza maswali. Mama mwenye mtoto mgongoni, mwenye homa, aliyelala saa nane kwa ajili ya msiba, wote walikuwa majini maji yalipokupwa. Basi tusiseme kwamba sisi ni watu wa polepole, au kwamba Mwafrika hajui saa. Tunaijua. Tunafika kwa wakati mahali ambapo tunaamini kuna kitu cha kupotea.

Nilimsomea mama mmoja wa hapa kurasa zile nne. Ni mkulima wa mwani, na alikuwa rafiki wa marehemu. Alinyamaza, kisha akaniuliza, “Mwalimu, Lungalunga ni mbali kuliko mwisho wa kamba zangu?” Sikuwa na la kumjibu.

Kamati imeniruhusu nitangaze hili. Katika kitabu kipya cha kumbukumbu, wagonjwa na waliokatika katikati yetu hawatakuwa tena chini ya “Mengineyo”. Watakuwa ajenda ya kwanza, kabla ya fedha na kabla ya sare, na mkutano hautafungwa mpaka yameandikwa majina ya wanaokwenda na siku ya kwenda. Mtu akitaka kulipinga, aje anione, lakini aje na tarehe.

Na kwa kuwa tumeshasema, tuanze. Mzee wetu wa besi, mmoja wa walioianzisha kwaya hii, ameshindwa kuja leo kwa sababu ya miguu. Yuko nyumbani kwake upande wa Msambweni, na binti yake ameniambia tangu asubuhi anauliza kama tumeshaanza kuimba. Bamvua ni kesho kutwa, akina mama hawatapatikana. Kwa hiyo tunakwenda leo. Matatu itaondoka hapa kanisani saa tisa, baada ya chakula, na sahani yake imeshatengwa. Sauti ya tatu wamejiandikisha wawili tu, na viti vilivyobaki ni vinne. Kalamu ninayo mimi, nimekaa pale karibu na mlango.