Bati Likitoa Jasho, Tuangalie Magunia

Ndugu wanakisomo wenzetu wa Busisi,

Leo tuzungumze juu ya maji yanayodondoka ndani ya nyumba bila mvua kunyesha. Wengi wetu tumeyaona. Tunaamka alfajiri, bati linatiririka maji juu ya magunia. Tunamlaumu fundi. Tunapanda juu kutafuta tundu, hatulioni. Je, maji hayo yametoka wapi?

Yametoka hewani. Hewa hubeba maji tusiyoyaona kwa macho, yaani mvuke. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi. Ikipoa, hushindwa kuubeba wote, na unaozidi hugeuka maji. Funua sufuria ya maji yanayochemka, utaona matone ndani ya kifuniko. Ndiyo mambo yenyewe.

Hata nje ni hivyo hivyo. Majani yakipoa usiku, hupata umande. Hewa ya karibu na ardhi ikipoa, tunaona ukungu. Hewa ikipanda juu sana hupoa pia, yakatokea mawingu. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kwenda ziwani kutoka pande zote, na hewa ya joto iliyo juu ya maji hupanda. Ndiyo sababu radi nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku mpaka alfajiri. Wavuvi wanalijua hilo.

Basi, turudi nyumbani. Usiku usio na mawingu, bati hupoa upesi. Ndani tumelala, madirisha tumefunga, na mahindi hayajakauka sawasawa. Mvuke wa pumzi zetu na wa mahindi hupanda, hukuta bati la baridi, hugeuka maji. Maji hurudi juu ya magunia.

Hasara yake si ndogo. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo, na 20 kati yao walifariki. Kupika hakuiondoi.

Tufanye nini?

Kwanza, tuanike mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Halafu tuyapime: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi bado mabichi.

Pili, tuache nafasi ya kupitisha hewa kati ya ukuta na paa.

Tatu, tupange magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Nne, mahindi yaliyoota kuvu tusiyale, wala tusiwape kuku na ng'ombe.

Ndugu zetu, fundi hana kosa. Tukifika nyumbani leo, kila mmoja wetu atie mkono ndani ya gunia lake, aone kama ni kavu.