MAWE YA MIZANI

Wasikilizaji wangu, jina la kijiji cha Kisawasawa, katika bonde la Kilombero, limebeba neno “sawasawa”; yafaa basi kuanzia huko nikisema habari za mizani.

Mwuza mpunga huitazama mizani ya kinu ikiwa tupu. Akiona yaonyesha sifuri, huridhika. Kumbe mizani yaweza kuanza vema, ikapotea chini ya mzigo. Ikipunguza kilo 1 katika kila kilo 100, aliyeleta tani 3 huacha kilo 30 bila malipo, wala hakuna mkono ulioiba.

Mkaguzi wa Wakala wa Vipimo huja na mawe ya mizani, ya chuma, yaliyokwisha kulinganishwa na mawe bora zaidi. Huyaweka katikati ya jukwaa, kisha katika kila pembe, kwa maana gunia halitui katikati siku zote. Huongeza mzigo kidogo kidogo, kisha huupunguza vivyo hivyo. Mizani yenye kutu katika viungo vyake husema neno moja wakati wa kupanda na jingine wakati wa kushuka.

Na mizani ya malori ya miwa, kule viwandani Kidatu? Nani awezaye kuchukua mawe ya tani 40? Hapo yako maarifa niyapendayo sana. Mawe yakiisha, mkaguzi huandika hesabu iliyoonyeshwa, huyaondoa, huweka lori mahali pake na kulijaza mchanga hata hesabu ile ile irudi. Ndipo huyapandisha mawe mara ya pili, juu ya uzito huo. Mizani ikikubaliwa, hupigwa chapa.