Sherehe ya Mpira Hulindwa Langoni
Mazungumzo kwa wakazi wa Wadi ya Chekalini, Kaunti Ndogo ya Lugari

 

Jumapili ya tarehe 3 Agosti 2025, Nairobi haikuwa ile ya siku zote. Kenya ilikuwa ikicheza na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika uwanja wa Kasarani. Hiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza kabisa katika mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao. Matatu za Thika Road zilipeperusha bendera, na wachuuzi wa jezi, skafu na vuvuzela wakajipanga kando ya barabara. Vijana walipaka nyuso rangi nyeusi, nyekundu, nyeupe na kijani. Austin Odhiambo alipofunga bao la pekee la siku hiyo, watu wasiojuana walikumbatiana kama ndugu waliopoteana.

Huo ndio uzuri wa mji unaopokea mashindano ya kimataifa. Mtu hahitaji kuwa mchezaji ili awe sehemu ya siku hiyo. Mama anayechoma mahindi, mwenye bodaboda, mwenye chumba cha wageni na mtoto aliyebebwa mabegani na babake, wote wanapata siku ya kusimulia.

Kenya iliandaa mashindano hayo pamoja na Tanzania na Uganda. Yalifunguliwa Dar es Salaam tarehe 2 Agosti na kumalizika Kasarani tarehe 30, Morocco ilipoishinda Madagascar mabao 3 kwa 2. Kenya yenyewe ilikuwa imeshatolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, lakini mashindano yaliendelea, na wageni waliendelea kula, kulala na kununua. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jambo hili si geni Kakamega. Desemba 2017 uwanja wa Bukhungu ulipokea mechi za Kombe la Chalenji la CECAFA. Kenya ilianza hapo kwa kuifunga Rwanda 2 kwa 0, na timu kama Uganda, Burundi na Ethiopia zikacheza kwenye nyasi zilezile ambazo vijana wa kaunti huzizoea. Tarehe 17 Desemba, kule Machakos, Kenya iliishinda Zanzibar kwa penalti na kutwaa kombe. Safari ya kombe hilo ilianzia hapa nyumbani.

Hata shangwe za Nairobi zina mkono wa Kakamega ndani yake. Kwa miaka mingi mashabiki wa AFC Leopards, klabu iliyozaliwa kwa jina la Abaluhya, wameingia viwanjani na ngoma za isukuti. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma hiyo inapolia uwanjani, mgeni kutoka mbali anaisikia Kakamega kabla ya kuonyeshwa ilipo kwenye ramani.

Lakini Agosti hiyo ina upande wake wa pili, na ndio unaofaa kuzungumzwa kabla ya mashindano mengine kufika.

Katika mechi za mwanzo za Kenya, watu wasio na tiketi walisukuma malango na kuingia kwa nguvu. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliitoza Kenya faini. Kisha, Kenya ilipojiandaa kukutana na Morocco tarehe 10 Agosti, CAF iliamuru kwamba Kasarani, uwanja wenye viti takriban 48,000, usiingize zaidi ya mashabiki 27,000, na waingie kwa tiketi za kielektroniki pekee.

Hesabu yake si ngumu. Viti kama 21,000 havikuruhusiwa kujazwa. Siku hiyo Ryan Ogam alifunga, Kenya ikabaki na wachezaji kumi baada ya kadi nyekundu, na bado ikaishinda Morocco 1 kwa 0. Ilikuwa mojawapo ya siku kubwa za soka ya nchi hii, na maelfu waliokuwa tayari kulipa pesa zao walizuiwa kuiona uwanjani. Walioruka lango katika mechi za awali hawakuiba kiti kimoja kimoja. Waliwanyima nafasi watu wa mji mzima.

Kupoteza kiti ni hasara ndogo. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu saba walifariki katika msongamano kwenye uwanja wa Nyayo, AFC Leopards na Gor Mahia walipokuwa wakicheza. Walitoka nyumbani kwenda kutazama mpira. Familia zilizowangojea jioni hiyo zilipokea miili.

Msongamano huua kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mara nyingi mtu hafi kwa kukanyagwa. Hufa akiwa amesimama, kifua kimebanwa hadi pumzi haiwezi kuingia. Walio nyuma hawaoni yanayotokea mbele. Husikia kelele za uwanjani, hudhani mechi imeanza, nao husukuma zaidi. Kila mmoja anaona amesukuma kidogo tu. Kwa aliye mbele langoni, visukumo hivyo vyote vinakuwa kimoja.

Wakazi wa Chekalini, kwa nini haya yazungumzwe huku, mbali na Kasarani? Kwa sababu mwaka wa 2023 CAF iliikabidhi Kenya, Tanzania na Uganda Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na vijana wa Lugari watapanda magari kwenda kulitazama. Tena, nafasi ya uenyeji hupotea. Kenya ilipokonywa Kombe la Mataifa la mwaka 1996, na ikapokonywa CHAN ya 2018 miezi michache tu kabla haijaanza, kwa kuwa maandalizi hayakuwa tayari. Watoto waliotarajia kuona mashindano nchini mwao waliyaona kwenye televisheni, yakichezwa Morocco.

Viwanja ni kazi ya serikali na wakandarasi. Lango ni kazi ya kila mtu anayekwenda. Anayesafiri anunue tiketi mapema, kupitia njia iliyotangazwa rasmi, wala asinunue kwa mtu wa barabarani. Asiye na tiketi asiende uwanjani kubahatisha. Raha ya mji iko pia mitaani na katika vibanda vya kutazamia mpira, na huko hakuna lango la kuvunja. Mwenye tiketi afike saa chache mapema. Akiingia, kabla hata ya kuketi, aangalie njia ya kutokea.

Wanaokwenda na watoto wawaandikie nambari ya simu ya mzazi na kuiweka mfukoni mwa mtoto, na wapatane mahali pa kukutana wakitengana. Mtu akijikuta katika msongamano, akunje mikono mbele ya kifua ili apate nafasi ya kupumua, asishindane na wimbi la watu, bali asogee upande kidogo kidogo. Kitu kikianguka, kiachwe. Simu hununuliwa nyingine.

Na mechi ikiisha kwa kushindwa, mgeni aheshimiwe. Shabiki wa Madagascar aliyeshangilia Kasarani alikuwa mgeni wa Kenya nzima, na Chekalini imo ndani ya Kenya hiyo.

Mwalimu wa michezo anaweza kuanza hata kesho. Siku ya mashindano ya shule za wadi, watoto wapange foleni, waingie mmoja mmoja, na wakubwa wafanye vivyo hivyo wakionekana. Mtoto aliyezoea foleni katika uwanja wa shule ataijua foleni ya Kasarani. Na siku ngoma za isukuti zitakapolia tena mbele ya wageni wa Afrika, atakuwa ndani, ameketi kwenye kiti chake, na jioni atarudi salama kuwasimulia waliobaki nyumbani.

Mulembe.